Kisanduku chekundu

Bukavu tunajua kuzika. Mtu akikata roho usiku, kabla jua halijachomoza viti vimeshakodiwa, hema limefungwa uani, akina mama wamewasha makaa, na kijana mmoja ameketi mlangoni na daftari la michango. Hakuna anayeuliza nani atapika. Mtoto akizaliwa ni vivyo hivyo: sabuni, kitenge, unga wa masoso wa kupikia uji, na akina mama wa shirika, jumuiya ndogo ya kanisa mtaani, wanaopokezana kumkanda mzazi. Nyumba za mbao zikiungua upande wa Kadutu, waliounguliwa wanapata pa kulala siku hiyo hiyo. Kwa mambo ya ghafla hatuhitaji kufundishwa.

Kansa ina mwendo mwingine. Inakula mwaka mzima, pengine zaidi, na matibabu yakiisha inakuachia vidonge vya miaka. Majirani waliokuja juma la kwanza na kuku mkononi, mwezi wa tano huwaoni, na si kwa ubaya. Wana watoto wao, wana kodi yao, na Jumapili wamekuona kanisani umefunga kilemba vizuri, wakamshukuru Mungu kwamba umepona. Ushuhuda wangu unahusu hilo: namna wanawake wa komini yetu ya Ibanda waliozoea kukimbilia kilio walivyojizoeza kutembea na mgonjwa safari ndefu. Ugonjwa ulitibiwa na dawa, lakini mimi na hizo dawa tulikutanishwa na watu, kila mara, tangu chupa ya kwanza hadi ya mwisho.

Mimi ni fundi cherehani. Atelie yangu iko pande za Essence, kwenye njia ya kwenda Panzi: chumba kimoja, cherehani tatu, pasi ya makaa, na wasichana wawili wanaojifunza kazi. Mwaka 2024, nikijipima gauni langu mwenyewe, utepe ulipita juu ya titi la kushoto na kidole kikagusa kitu kigumu, hakisogei, hakiumi. Kituo cha afya nilikoanzia walinipa antibiotiki, halafu wakanipa nyingine, wakisema ni maziwa yameganda. Na mtoto wangu wa mwisho alikuwa darasa la tatu. Aliyenitoa pale ni dada yangu mkubwa. Alikuja nyumbani, akagusa titi, akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Vaa viatu." Jioni ile tulikuwa mbele ya daktari mpasuaji.

Kipande cha nyama kilichotolewa kwenye uvimbe kilisafirishwa nje ya mji ili kikasomwe, na majibu yakakawia. Baadaye nilikuja kusoma kwamba Shirika la Afya Duniani, katika mpango wake wa kansa ya titi uliozinduliwa mwaka 2021, liliweka malengo matatu: wagonjwa 60 kati ya 100 wagunduliwe ugonjwa ungali mchanga, uchunguzi wote ukamilike ndani ya siku 60 tangu mgonjwa afike hospitali, na 80 kati ya 100 wafike mwisho wa matibabu yao. Lengo la tatu ndilo ninalolifikiria kila siku. Kwenye benchi la kungojea dawa nimekaa na wanawake ambao uvimbe wao ulikuwa unapungua, madaktari wamefurahi, na awamu iliyofuata hawakutokea. Hela ilikwisha, au mtu wa kubaki na watoto alikosekana, au nauli ya pikipiki kutoka Bagira. Mambo madogo kabisa, ambayo mtaa mzima ungeyachangia kwa saa moja kama mwanamke yule angekuwa amekufa.

Jina la ugonjwa lilipojulikana nyumbani, kila mtu alikuwa na lake la kusema. Shangazi yangu alisema ni karuho. Kwetu Kivu karuho ni sumu ya polepole, anayekulisha ni mtu unayemjua, na dawa yake iko kwa waganga wanaokutapisha. Sikumdharau. Alikuwa amezika ndugu wawili ambao hakuna daktari aliyemweleza walikufa na nini, na asiyeelezwa hujitafutia maelezo yake. Tulimchukua hospitali pamoja nasi, na daktari akafanya jambo ninalomshukuru hadi leo: akamwonyesha karatasi ya maabara, akamchorea titi, uvimbe na matezi ya kwapani, akajibu maswali yake yote kwa Kiswahili, bila haraka. Shangazi hakusema kama amekubali. Aliuliza tu, "Sasa mimi nifanye nini?" Daktari akampa ratiba ya dawa zangu za kuzuia kutapika, akamwambia asikubali nipitishe saa hata moja. Tangu siku ile shangazi alikuwa askari wa saa zangu. Habari za karuho sikuzisikia tena kinywani mwake, na wengine walipozileta, yeye ndiye aliyewakatiza.

Titi liliondolewa. Hapo ndipo MUSO inapoingia.

Watanzania wana VICOBA, Wakenya wana vyama vyao. Kivu ya Kusini tuna MUSO, mutuelle za mshikamano, zimejaa kila karitie. MUSO ina visanduku vitatu. Cha kijani ni cha akiba na mikopo. Cha bluu ni cha pesa inayotoka nje, mkopo wa benki au msaada. Chekundu ni cha maafa: kila mkutano unatia kiasi chako kidogo, na hicho hukidai tena, kinamngoja yeyote kati yenu atakayeanguka. Katika MUSO yetu tuko wauza samaki wadogo wa sambaza, wauza vitenge, wasusi, mafundi, na akina mama wanaovuka mto Ruzizi kila asubuhi kwenda Kamembe, Rwanda, kuchukua nyanya na maziwa. Sheria yetu iliorodhesha maafa kwa majina: kujifungua, kifo cha mume, cha mtoto au cha mzazi, kulazwa hospitali. Kwa kila moja kiasi kimeandikwa, kinatolewa mara moja, katibu anaandika, mambo yamekwisha.

Nilipofanyiwa upasuaji nilipewa changu. Walikuja kitandani, wakaimba, wakaacha na sabuni. Kisha ikaja kemoterapia, ambayo inarudi kila baada ya majuma matatu kwa miezi, na kila ikirudi ina vipimo vyake vya damu, chupa zake za serumu, sindano zake. Mutuelle ya afya ya familia yetu haikulipia dawa za kansa. Mume wangu ni mwalimu. Mshahara wa mwalimu Kongo sina haja ya kuueleza. Tuliuza cherehani moja. Katika mkutano wa MUSO sikuomba kitu, maana sheria ninaijua, mimi mwenyewe niliipigia kura.

Aliyesimama ni rais wetu, mama anayeuza sambaza kavu soko la Nyawera. Alisema, "Bamama, sheria hii tuliiandika kama vile magonjwa yote ni malaria." Walibishana sana. Mwingine alisema, na alikuwa na haki ya kusema, kwamba kisanduku kikifunguliwa kwa ugonjwa usio na mwisho kitakauka, na mwezi ujao mtoto wa mtu atakosa jeneza. Mwisho walipata njia ambayo sijaiona pengine popote. Kisanduku kitatoa kiasi kidogo kwa kila awamu, pungufu sana ya gharama, lakini hakika. Sehemu iliyobaki itatolewa kwa kazi. Wakachukua daftari, wakaandika kazi zote za nyumba yenye mgonjwa wa kansa, na mbele ya kila kazi jina la mtu mmoja.

Hilo jina moja ndilo lililoniokoa. Kabla ya hapo watu wote waliniambia, "Mama, ukihitaji chochote utuite." Walikuwa wakweli. Lakini mtu aliyelala sakafuni karibu na ndoo ya kutapikia hawezi kuita, wala hajui amwite nani kati ya watu thelathini walioahidi. Sasa nilijua. Wa kunisindikiza siku ya dawa ni fulani. Wa kuchukua watoto shuleni ni fulani. Wa kuchota maji mabomba ya Regideso yakikauka ni mtoto wa fulani. Kulikuwa na mama wa faili: karatasi zangu zote zilikaa kwake, akazipanga kwa tarehe, na yeye aliyeishia darasa la sita akajifunza kusoma hesabu ya chembe nyeupe za damu, maana zikiwa chini mno dawa inaahirishwa na safari ya hospitali ni bure. Na kulikuwa na mama wa mlango, kazi niliyoithamini kuliko zote. Kazi yake ilikuwa kuwazuia watu: mwenye kikohozi arudi siku nyingine, kikundi cha maombi cha usiku kije mchana na kisizidi nusu saa, na yeyote mwenye hadithi ya binamu aliyekufa kwa kansa hiyo hiyo aisimulie nyumbani kwake.

Awamu za kwanza dawa ni nyekundu. Inashuka kwenye mrija rangi ya fanta ya grenadini, na saa chache baadaye mkojo unatoka na rangi ile ile. Wasingeniambia mapema ningedhani ninakojoa damu. Siku mbili za mwanzo nilivumilia. Ya tatu ndiyo ilikuwa mbaya. Harufu ya mafuta ya mawese, harufu ya sambaza, hata ya sabuni niliyoipenda, zilinitoa nje ya nyumba. Mama wa kupika, mwanamke wa maneno machache, alikaa karibu nami na kalamu akaniuliza harufu moja moja: kitunguu? Ndiyo, mbaya. Sombe? Mbaya. Ndizi ya kuchemsha? Si mbaya. Tangawizi? Nzuri. Akaenda akarudi na uji wa masoso uliopoa, mwembamba, una tangawizi na limau, akanipa kwa kijiko cha chai, akasubiri, akanipa kingine. Aliniambia chakula cha moto hutoa harufu, cha baridi hunyamaza. Hakuna kitabu alikosoma hayo. Nilipofika Kigali baadaye nikawasikia wauguzi wakiwafundisha wagonjwa jambo lilelile.

Jambo moja naliandika hapa kwa ajili ya yeyote aliye na mgonjwa wa kemoterapia nyumbani, sehemu yoyote. Kipimajoto kisitoke karibu. Joto likifika 38, msingoje asubuhi, msimpe parasetamoli mkasema tuone. Kinga yake iko chini, na maambukizi ambayo wewe ungeyapita kwa chai yanaweza kumwua kwa siku moja. Mama wa faili aliliandika hili kwa herufi kubwa na kulibandika juu ya kitanda changu, pamoja na namba ya simu ya muuguzi.

Tulilihitaji Februari 2025. Ijumaa tarehe 14 uwanja wa ndege wa Kavumu ulichukuliwa, na Jumapili tarehe 16 vikosi vya waasi wa M23 vilikuwa katikati ya mji. Kati ya siku hizo mbili maduka na maghala yaliporwa, risasi zilipita, na sisi tulilala chini ya madirisha. Usiku mmoja kati ya hizo nilipanda joto. Mume wangu alisoma kipimajoto kwa mwanga wa simu, akasoma tena. Kwenda hospitali haikuwezekana. Alimpigia muuguzi, mwanamke wa shirika letu anayekaa avenyu ya tatu, akamwambia asije, ampe maelekezo tu kwa simu. Muuguzi akasema atakuja. Alipita vichochoroni, akaruka mfereji, akaingia mlango wa nyuma na dawa za sindano ndani ya kitenge. Alikaa hadi asubuhi. Wakati anachoma sindano mikono yake ilikuwa imara. Alipomaliza ndipo ilianza kutetemeka, nasi tukampa maji.

Kisha benki zikafungwa. Mshahara wa mume wangu ulikuwa humo, na akiba yetu ndogo. Pesa ya simu ilibaki, lakini kuitoa ikawa ghali kwa sababu noti zenyewe ziliadimika. Kisanduku chekundu kilikuwa cha chuma, kina makufuli matatu, kimekaa chini ya kitanda cha mmoja wetu, na funguo ziko kwa wanawake watatu wa avenyu tatu tofauti, kama sheria inavyotaka ili asiwepo wa kushawishika. Mmoja wao alikuwa amekimbilia kwa ndugu zake, upande wa Nguba. Wenzake walimfuata kwa miguu, wamebeba vikapu kama watu wanaotafuta unga, wakarudi watatu pamoja, wakafungua, wakahesabu, wakaandika kwenye daftari kwa kalamu, tarehe na saini, katika juma ambalo mji mzima hakuna ofisi iliyokuwa ikiandika kitu. Dawa yenyewe haikuwepo mjini. Iliagizwa Kigali, ikaja kwa basi hadi Kamembe, na mama wa nyanya akaivusha Ruzizi pamoja na karatasi ya daktari. Awamu ile ilichelewa. Daktari alinihakikishia kuchelewa si kushindwa, tutaendelea tulipoishia.

Awamu za mwisho zilikuwa za dawa nyingine, paclitaxel. Haikunitapisha sana, lakini iliniondolea ncha za vidole. Nilikuwa nikishona pindo la gauni la komunyo ya kwanza, kitambaa cheupe, nikaona alama nyekundu ndogo, halafu nyingine, zinafuatana kwa mstari. Nilikuwa nikijichoma sindano na sisikii. Kwa fundi hakuna kitisho kikubwa kuliko hicho. Nywele nilizipoteza nikafunga kilemba, lakini vidole ndivyo vinavyolisha watoto wangu. Wasichana wangu wawili walichukua kazi. Mimi nilikaa kwenye kiti, nikaelekeza kwa mdomo, na wao wakajifunza kwa miezi ile kuliko miaka yote iliyotangulia. Hisia zimerudi sehemu kubwa. Kidole cha mwisho bado kina ganzi asubuhi za baridi.

Baada ya hapo mionzi. Kwa mionzi Bukavu hatuna mashine, inabidi mtu avuke. Waliotutangulia wenye uwezo walikwenda Kampala, Nairobi au India. Na mwaka 2016 mashine pekee ya Taasisi ya Kansa ya Uganda pale Mulago iliharibika, wagonjwa wa nchi nzima na majirani wakabaki mikono mitupu hadi mpya ilipoanza kazi. Tangu 2019 iko karibu zaidi: kituo cha kansa cha hospitali ya jeshi, Kanombe, Kigali. Ni kupita mpaka wa Ruzizi, kupanda basi Kamembe, kukata msitu wa Nyungwe wenye kona zisizokwisha, na kufika jioni mifupa yote inauma.

Kwenda Rwanda mwaka ule, nchi inayotajwa kuwaunga mkono M23, si jambo nililoweza kulisema kwa sauti kila mahali. Wapo walionitazama vibaya, na uchungu wao niliuelewa, maana ni uchungu wangu pia. Rais wa MUSO alilimaliza mkutanoni kwa maneno machache: mgonjwa huenda iliko dawa. Nililala kwa mpwa wa mama mmoja wa shirika letu, kijana anayesoma Kigali, aliyenipisha kitanda chake akalala kwenye mkeka majuma yote ya mionzi. Kila asubuhi isipokuwa mwisho wa juma nililala chini ya mashine dakika chache, mkono umeinuliwa juu ya kichwa, bila maumivu yoyote. Maumivu yalikuja baadaye, ngozi ya kifua ilipogeuka nyeusi na kuchubuka.

Benchi la Kanombe lilikuwa shule yangu. Tulikuwa na Wanyarwanda, Warundi, watu wa Goma, wote tunakutana kwenye Kiswahili. Tuliambizana kuvaa pamba laini isiyobana, kutopaka kitu chochote cha manukato, kunywa maji. Pale ndipo mama mmoja aliingiza mkono kifuani na kunitolea titi lake la kitambaa, alilotengenezewa na dada yake. Nililigeuza nikaliangalia kwa jicho la kazi. Lilijazwa pamba tupu, na pamba tupu ni nyepesi, ikikaa ndani ya sidiria inapanda juu, bega linainama upande mmoja na blauzi inavutwa. Inahitaji uzito chini. Niliporudi nilijaribu mtama, lakini ukilowa jasho unaharibika. Nikaweka kifuko cha shanga ndogo za kioo nyuma ya pamba, nikakishonea chini, nikazungushia pamba laini upande unaogusa kovu. Hilo linakaa. Linafuliwa, linaanikwa, linarudi mahali pake. Sasa tunayashona atelie kwa ukubwa wote, na mwanamke anayekuja kuchukua lake anajipima nyuma ya pazia na mmoja wetu, bila mtu kumharakisha.

Matibabu yalipoisha ilifanyika misa ya shukrani, wakapika, wakacheza. Nami nilicheza. Kesho yake asubuhi niliamka nikakuta orodha ya kazi imefutwa, watu wamepumzika, mume wangu amekwenda kufundisha, na mimi nimekaa kitandani na hofu ambayo sikuwa nayo wakati wa dawa. Wakati wa dawa kuna mtu anayekupima kila mara. Baada yake, kichwa kikiuma unajiuliza kama imefika kwenye ubongo. Mgongo ukiuma, imefika mfupani. Unachoka kwa kupanda ngazi za nyumbani kwako, na watu wanakuambia, "Si umepona?" Kidonge cha tamoxifen ninachokimeza kila siku, na nitakimeza angalau miaka 5, kinaniletea joto la ghafla katikati ya misa hadi jasho linalowesha kilemba. Kipindi hicho ndicho kilichokuwa kigumu kuliko vyote, na hakina jina katika sheria ya MUSO yoyote ninayoijua.

Jirani yetu hapa Ibanda ni Panzi, hospitali aliyoianzisha Daktari Mukwege mwaka 1999, aliyepewa Tuzo ya Amani ya Nobel 2018. Kila mtu anaisifu kwa upasuaji. Mimi naitazama kwa jambo jingine: kwa wanawake waliotendewa ukatili, Panzi haikuishia kwenye kidonda. Matibabu ya mwili yanakwenda pamoja na nafsi, na kipato, na sheria, na kila mwanamke anakuwa na mama wa kumfuata, maman chérie wanavyowaita, anayeketi naye tangu siku ya kuingia. Mji wetu una elimu hiyo tayari, imelipiwa kwa machozi mengi. Nilimwendea mama mmoja aliyewahi kufanya kazi hiyo, nikamwomba aje atufundishe wanawake wa MUSO kuketi na mtu mwenye hofu. Alitufundisha mchana mzima, na sehemu kubwa ilikuwa kunyamaza: usiseme "usijali", usiseme "Mungu ana makusudi", uliza analala vipi, kisha subiri jibu hata likichelewa.

Mume wangu alikuwa na unyamavu wa aina nyingine. Alilala ameelekea ukutani, akiogopa kuniumiza, nami nikadhani ananichukia. Kilichotufungua ni mazoezi ya mkono. Baada ya matezi ya kwapa kuondolewa, mkono wa upande ule unakazana na unaweza kuvimba. Dawa yake ni kusimama mbele ya ukuta na kupandisha vidole, kidogo kidogo, hadi pale maumivu yanapokataa. Alisimama nyuma yangu na chaki yangu ya kitambaa, akachora mstari vidole vilipofika, akaandika tarehe kwa ule mwandiko wake wa ubaoni. Siku iliyofuata mstari mwingine. Siku mstari uliposhuka badala ya kupanda, nililia, naye akaweka mkono wake begani, juu ya kovu, mara ya kwanza. Tulianza kuzungumza kuanzia hapo, hata yale ambayo mume na mke wanazungumza taa ikizimwa.

Mkono huo sasa una sheria zake. Haubebi beseni, haupimwi presha, hauchomwi sindano ya hospitali, haushiki pasi ya makaa. Wasichana ndio wanaopiga pasi. Ninavaa kastabini vidole viwili, maana hata jeraha dogo upande ule linaweza kuuvimbisha mkono wote. Jioni ninauinua juu ya mto.

Kampala, wanawake waliopona kansa ya titi waliunda chama chao mwaka 2004, UWOCASO, wanawatembelea wagonjwa wodini na kuwaonyesha kwa macho mtu aliyepita pale. Nilipolijua hilo nililipeleka MUSO. Hatujawa chama. Tuna benchi atelie, na tuna kifungu kipya kwenye sheria, kilichopigiwa kura na kupitishwa, pamoja na sauti ya yule aliyeogopa majeneza. Kinasema kwamba ugonjwa wa muda mrefu unapewa msaada mdogo wa kila awamu mpaka matibabu yaishe. Kwamba kila kazi ya nyumbani inaandikiwa jina moja, na jina hilo linabadilishwa kila baada ya miezi miwili ili asichoke mtu. Na kwamba siku matibabu yanapoisha, mgonjwa anapewa mwenzake wa kumtembelea kwa mwaka mmoja zaidi, hata kama anacheza na anafunga kilemba vizuri. Kifungu hiki sasa kinawatumikia wengine pia: mwanachama mwenye kansa ya mlango wa uzazi, na mume wa mwanachama anayetibiwa tezi dume, ambaye mwanzo alikataa kutembelewa na wanawake, tukamtafutia mwanamume mwenzake, mwalimu.

Daftari lenye kifungu hicho liko atelie, juu ya meza ya kukatia. Mwenye MUSO, AVEC, likelemba au kikundi kingine cha kuchangiana anakaribishwa kulinakili, hatulipishi. Aje mchana na kalamu yake, isiwe Alhamisi. Alhamisi tuko hospitali na wagonjwa wetu.